Kigoda cha Mangi na Pacha Wake

Katika filamu, mwizi wa makumbusho huvaa nguo nyeusi za kubana, huning'inia darini kwa kamba, na hupinda kiuno kukwepa miale myekundu inayolinda picha ya mama fulani mwenye shingo ndefu. Makumbusho yetu ya Kirua Vunjo hayakuwa na dari ya kuning'inia. Yalikuwa ghala la zamani la kahawa, lenye mabati yaliyotoboka na popo ambao kamati, baada ya kushindwa kuwafukuza, iliamua kuwaita vivutio. Mwizi wetu aliingia kwa mlango, akatoka kwa mlango, akafunga kufuli nyuma yake kama mtu aliyelelewa vizuri. Alichukua kitu kimoja tu.

Kilikuwa kigoda cha miguu minne, kilichochongwa kwenye gogo moja la mringaringa. Wazee walisema alikuwa akikikalia mangi, yaani mtawala wetu wa enzi za mababu, alipokuwa akiamua kesi za mipaka na za ng'ombe. Baba yangu alikipata kwa familia moja iliyokuwa ikikitumia kukamulia maziwa, akawabembeleza mwaka mzima mpaka wakakitoa. Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wenzake walipostaafu walijenga nyumba za vigae. Yeye alikusanya vibuyu vya pombe ya mbege, kengele za ng'ombe, mikuki yenye kutu na majembe ya mti, mama akiwa hai na akilalamika kila siku kwamba ameolewa na jalala. Hatimaye baba alikishawishi kijiji kimpe lile ghala, kamati ikaundwa, na mimi binti yake nikawa mwongoza wageni, mfagiaji na mkata tiketi. Wateja wetu wakubwa walikuwa watalii walioshindwa kufika kileleni, ambao walihitaji kuona kitu chochote ili safari isiwe hasara.

Wizi niliugundua mimi, Jumatatu asubuhi, nikiwa na wageni wawili waliokuwa wamerudia njiani mlimani kwa kuumwa kichwa. Nilikuwa nimefika katikati ya hotuba yangu. "Na hapa," nikasema, nikinyoosha mkono kwa madaha, "ndipo alipokuwa akikaa mangi." Wakaangalia. Na mimi nikaangalia. Palikuwa na alama nne safi katikati ya vumbi. Mgeni mmoja akazipiga picha, nadhani aliamini ndiyo sanaa yenyewe. Nilimalizia hotuba, nikawasindikiza mpaka barabarani, kisha nikakimbia kwa baba.

Kufuli lilikuwa na funguo mbili, na zote mbili zilikaa kwake: mmoja kwenye mfuko wa koti, mwingine kwenye msumari chumbani. Mlango haukuvunjwa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeipiga, na kijiji kiliipiga kabla ya saa sita mchana. Kwenye kundi la WhatsApp la kamati, watu wakaanza kutuma alama za mikono iliyounganishwa kusali, ambazo kwetu hutumwa mtu akifa au akishukiwa.

Mwenyekiti wa kamati aliitisha kikao. Alikuwa mstaafu aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kofia ya pama, miwani ya jua aliyoivaa hata siku za ukungu, na neno moja alilolipenda kuliko yote. "Kwa utaratibu," akasema. "Twende kwa utaratibu. Mimi simtuhumu mtu. Nasema tu mlango haukuvunjwa, na funguo zipo mahali pamoja. Mzee wetu umri umekwenda. Huenda kuna mtu alimpa kitu kidogo, akakitoa bila kujua." Alilisema hilo kwa huruma kubwa, akavua na miwani.

Baba alisimama. Alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu kuliko mchungaji yeyote aliyepita usharikani kwetu. "Sijakiuza," alisema. "Sijakitoa. Lakini kimepotea mikononi mwangu. Mpaka kionekane, mimi sitakwenda meza ya Bwana."

Mtu wa mbali anaweza kuona hilo ni dogo. Kwetu mlimani, mtu anayebaki kwenye benchi wakati wenzake wamejipanga kwenda mbele kupokea amewaambia watu jambo, na kila mtu analijaza jambo hilo kwa namna anayopenda. Kwamba alitaka kuonyesha uchungu wake, hakuna aliyeliona. Waliona mzee anayeogopa kula mkate wa Bwana akiwa na dhambi. Kila Jumapili alikaa pale na suti yake ya kahawia, mikono juu ya magoti, na kila Jumapili jina lake lilipungua. Mimi nilikaa naye benchi moja na nilikuwa na hasira hata nyimbo zilinishinda kuimba.

Nilikwenda polisi. Askari aliyenipokea alikuwa kijana muungwana, akafungua daftari.

"Thamani ya mali?"

"Haikadiriki."

Akaandika: haijulikani. "Rangi?"

"Ya mti."

"Alama za utambulisho?"

Nikampa daftari la baba la makumbusho, lenye orodha ya vitu vyote kwa mwandiko wa ubaoni. Kwenye mstari wa nne pameandikwa: Kigoda, 1. Askari akauliza kama kuna picha. Ipo moja, ya siku ya ufunguzi, ambapo mgeni rasmi, mtu aliyejaliwa mwili, alikikalia kigoda kwa heshima ya hafla. Kigoda kinaonekana miguu miwili. Askari aliitazama picha kwa muda mrefu. "Dada," akasema, "huyu mheshimiwa namtambua vizuri kabisa. Ila kilichoibwa sikioni." Akaniambia nikikiona nimpigie simu.

Basi nikasoma kwenye simu jinsi wenzetu wanavyofanya. Makumbusho makubwa hupiga picha kila kitu kwa pande zote, hata kwa chini, huandika kila mkwaruzo, na kikiibwa taarifa zake husambazwa kwa wauzaji na madalali wa mnada dunia nzima. Mwizi hukamatwa anapotaka kuuza, kwa sababu picha ya mama mwenye shingo ndefu hailiki wala haivaliki, na mnunuzi akiuliza imetoka wapi, mwizi huanza kujikanyaga. Kuiba ni kazi ya dakika chache. Kuuza ndiko kunakowaponza. Hilo lilinipa moyo. Wa kwetu naye asingekula mringaringa. Nikachukua picha ya mgeni rasmi, nikashuka Moshi mjini kwenye maduka ya vinyago.

Kila duka lilikuwa na kigoda cha mangi. Maduka mengine yalikuwa na sita. Kila muuzaji aliniapia kwamba chake ndicho cha kweli, kimetoka kwa babu yake mzaa mama. Kama mangi wetu angevikalia vyote vile, asingepata muda wa kutawala. Kwenye duka la nne nilichoka kujifanya mnunuzi, nikamweleza mama mwenye duka ukweli wote: baba, ufunguo, benchi la kanisani. Alinisikiliza huku akikipakaza kinyago vumbi ili kionekane cha zamani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Aisee, pole. Hivi vyote vinazeeshwa na mzee mmoja nyuma ya soko. Kama kuna kigoda kimepita Moshi, yeye amekiona."

Yule mzee alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake Mnyamwezi, mama yake Mpare, yeye mwenyewe mzaliwa wa Moshi. Karakana yake ilijaa vitanda visivyokamilika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kitanda au kabati?"

"Nimeambiwa unazeesha vitu."

"Vitu nazeesha. Watu wanazeeka wenyewe."

Akanionyesha kazi zake bila kuficha hata moja. Chai ya rangi iliyochemshwa mpaka iwe chungu, dawa ya viatu ya kahawia, moshi wa pumba, mafuta ya ng'ombe ya kusugulia mahali pa makalio. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa wakati macho yangu yalipoangukia pembeni, kwenye vumbi la mbao. Kigoda cha mangi kilikuwa pale, kimebeba kopo la gundi na kandambili moja. Nilitaka kukikumbatia kile kigoda, na nilitaka kumpiga yule mzee kwa nyundo yake mwenyewe. Nikaketi juu ya mbao.

"Hicho si cha kuuza," alisema, akidhani nimekitamani. "Ni sampuli. Mwenyewe ana watoto wawili wanagombea urithi wa babu yao, kila mmoja anakitaka. Akaniomba nimchongee pacha wake, kila mtoto apate, ugomvi uishe. Nikaona ni jambo la heri."

"Alikileta lini?"

"Ijumaa, wiki tatu zilizopita. Alitaka vyote viwili Jumapili. Nikamwambia hakuna shida."

"Halafu?"

"Halafu ikaja arusi ya mjukuu. Umeme ukakatika. Mringaringa nilioletewa ukawa mbichi. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Anapiga simu kila siku, mtu wa watu, karibu alie."

Hapo nikaelewa, na nakiri nilicheka mpaka yule mzee akaniletea maji. Ulikuwa wizi uliopangwa vizuri kuliko wa kwenye filamu. Kigoda kinatoka Ijumaa jioni tukishafunga mpaka Jumatatu, pacha anarudi mahali pake Jumapili, na Jumatatu mimi ninanyoosha mkono kwa madaha juu ya mti mpya na kuendelea hivyo mpaka kustaafu. Mwizi alifikiria kila kitu isipokuwa fundi. Sijui ameishi nchi gani mtu mzima anayeamini fundi akisema Jumapili.

"Mteja wako yukoje?" nikauliza.

"Mstaarabu sana. Ana kofia ya pama. Kila akisema neno, kwa utaratibu, kwa utaratibu."

Ndipo nilipolikumbuka kufuli. Mwenyekiti ndiye aliyelinunua, siku ya ufunguzi, akamkabidhi baba funguo mbili kwa hotuba ndefu na sisi tukapiga makofi. Kufuli la aina ile huuzwa na funguo tatu kwenye pete moja. Kijiji kizima, chenye walimu wastaafu wanne, hakuna aliyehesabu mpaka tatu.

Nilimweleza fundi kila kitu. Akaondoa kopo la gundi na kandambili, akavua kofia yake akakipangusa kigoda kwayo. "Astaghafirullah," akasema. "Kwa hiyo mimi ni mshirika wa mwizi, na mzee mwenzangu amekaa kanisani anaona aibu kwa ajili ya uvivu wangu." Nikamwambia uvivu wake ndio uliotuokoa. Hakuonekana kufarijika.

Yule askari alifurahi sana nilipompigia. Mpango ulikuwa rahisi: fundi ampigie mwenyekiti, amwambie kazi imekwisha, aje achukue, polisi wawe ndani. Fundi akakataa.

"Kazi haijaisha," akasema.

"Mzee, huu ni mtego tu," askari akamwambia.

"Mtego ni wenu. Mdomo ni wangu. Nikimwambia imeisha, iwe imeisha."

Kwa hiyo operesheni ikasimama ikimsubiri fundi amalize. Siku nane! Sheria na dola zilikaa zikingoja dawa ya viatu ikauke. Nilikuwa nikishuka mjini kila baada ya siku mbili kumkalia mzee kooni, na siku ya mwisho alinionyesha kitu. Akapindua kigoda kipya, na kwa chini, karibu na mguu, palikuwa na kijiti cha mninga kilichopigiliwa kwenye tundu dogo, hakizidi punje ya mchele. "Kila ninachozeesha nakipigia hiki," alisema. "Muuzaji akidanganya, ni shauri yake. Siku ya hukumu mimi nitakipindua nionyeshe." Bila hicho kijiti nisingevitofautisha hata ningekesha navyo. Kusema kweli, kile kipya kilikuwa kimezeeka vizuri kuliko cha zamani.

Siku zile nane zilikuwa mbaya. Baba sikuweza kumwambia, kwa sababu baba akiulizwa swali alikuwa akijibu, tabia iliyomletea hasara maisha yake yote. Mwenyekiti alikuja kumtembelea na kilo ya sukari. "Meku," alimwambia, kwa lile neno letu la kumwitia mzee, "ukikumbuka lolote, sema tu. Tutalimaliza kwa utaratibu." Nikampa chai. Sikuiwekea kitu, ingawa mawazo yalinijia. Alipoondoka, baba alilichukua daftari la makumbusho, akalisogeza mpaka karibu liguse pua, maana macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho na hospitali alikuwa akiikwepa. Mtori wake ulipoa mezani.

"Na wewe unafikiri ni mimi?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza. Labda niliacha mlango wazi. Labda alikuja mtu nikamwambia chukua."

Nililia jikoni, nikijifanya ni moshi wa kuni.

Hatimaye fundi akapiga simu. "Mzigo wako umekamilika," akasema, "vyote viwili," na kila neno lilikuwa la kweli. Mwenyekiti alifika baada ya nusu saa. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kufika karakana ile kwa kasi hiyo. Askari wetu alikuwa amevaa kiraia, akijifanya mnunuzi wa kitanda. Aliigiza vizuri mno. Alizama kwenye kupatana bei ya kitanda cha tano kwa sita mpaka mwenyekiti akawa amekwisha kubeba vigoda, kimoja kila kwapa, anatoka, na ilibidi mimi nipige kelele kutoka nyuma ya kabati. Mwenyekiti alipokamatwa alivua miwani. "Nilikuwa nafanya uchunguzi wangu wa siri," akasema. Baadaye, kituoni, ilijulikana kwamba alimpata mnunuzi wa ng'ambo kwenye mtandao, ambaye naye alikuwa ameahidiwa mzigo Jumapili ile.

Ningependa kuandika kwamba alifikishwa mahakamani. Kwetu kuna jani linaitwa isale. Tunalipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na ukimkosea mtu, wazee wa ukoo wako wanalifunga fundo, wanamletea na mbuzi na mbege, na yeye hana ruhusa ya kulikataa. Anayekataa isale anajitafutia laana. Wazee wa ukoo wa mwenyekiti walikuja uani kwa baba, wanaume saba, na jani mbele. Baba akalipokea kwa mikono miwili. Nilimwangalia nikatamani kumpokonya. Askari naye karibu alie aliposikia, maana kesi yake ya kwanza ya sanaa ilifia kwenye jani. Mwenyekiti akajiuzulu kwa sababu za kiafya, ingawa nilimwona wiki ileile amebeba mkungu wa ndizi begani.

Polisi wakarudisha vigoda vyote viwili, kwa hafla, ghalani kwetu, kijiji kizima kikiwapo na fundi akiwa amealikwa kutoka mjini. Vilipokuwa kituoni vilibandikwa karatasi, kimoja A, kimoja B. Stoo ya kituo ilikuwa inavuja. Karatasi zilifika zimebaki alama za gundi.

"Basi tutajuaje?" akauliza mwenyekiti mpya.

Kabla sijataja kijiti, mama mmoja wa kwaya akasimama. "Mwalimu atuambie. Si ndiye mtunzaji?"

Kila mtu akapiga makofi. Ilikuwa njia yao ya kuomba radhi bila kuomba. Walikuwa wamemwita mwizi kwa wiki tano, na sasa walitaka kumpa heshima yake mbele ya mchungaji, watoto na yule mgeni rasmi mwenye mwili. Baba akasimama. Akavua kofia. Akaviendea vigoda taratibu, akainama, akavigusa vyote, akavinusa, akakikalia kimoja, akanyanyuka, akakikalia kingine. Ghala lote lilinyamaza, nadhani hata popo. Akaweka mkono juu ya cha pili.

"Hiki," alisema. "Hiki ningekijua hata gizani."

Vigelegele vikapigwa. Wakambeba baba na kigoda chake juujuu, na baba alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, na kwa vile kigoda kilikuwa juu ya vichwa vya watu, mimi niliyekuwa chini nilikiona kile kijiti cha mninga vizuri kabisa.

Nikamtazama fundi. Naye alikuwa amekiona. Alianza kunyanyuka kutoka kwenye kiti chake, mdomo ukifunguka. Nikatikisa kichwa. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa nguvu kama nilivyomwomba yule mzee kwa macho. Akasimama hivyo, nusu nusu, kisha akakohoa, akakaa. Alipokuwa akiondoka nilimsindikiza. "Mimi sikuulizwa," aliniambia, bila kunitazama usoni. "Ningeulizwa ningesema."

Jumapili ile baba alikwenda mbele. Watu wakampisha awe wa kwanza. Kamati nayo, kwa ukarimu wake, ikaamua kwamba dada amejitahidi sana, apewe kile cha bandia akakalie jikoni. Nilikibeba mpaka kwangu kwa miguu, nikikibadilisha bega, watu wakinitania njiani kwamba sasa nimekuwa mangi wa sufuria. Mimi ndiye mwizi pekee wa sanaa ninayemjua aliyesindikizwa na wanakwaya.

Kwa miezi minne kila kitu kilikuwa sawa. Niliwaonyesha watalii kazi ya mikono ya mzee wa nyuma ya soko, wakaipiga picha kwa heshima zote. Baba alirudishiwa jina lake, akalivaa. Alikubali hata kwenda kutolewa mtoto wa jicho, na hapo ndipo nilipopaswa kufikiri, lakini nilikuwa na furaha mno kufikiri.

Wiki mbili baada ya bandeji kutoka alikuja kwangu kula. Akavuta kigoda, akaketi karibu na meko, akaanza kunisimulia jinsi alivyowaona majirani wote wamezeeka ghafla. Mkono wake ulikuwa ukipapasa ukingo wa kigoda huku anaongea. Akanyanyuka, akakipindua, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikoroga sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi. Na fundi."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akakirudisha chini, akakikalia tena, akala chakula chake chote, akanisifia ndizi. Jumapili iliyofuata alibaki kwenye benchi wakati wa meza ya Bwana. Walipomuuliza, baba yangu, ambaye akiulizwa alikuwa akijibu, alisema ni magoti.

Niliumia kuliko wakati wa wizi. Nikamwendea, nikamwambia nitasimama mbele ya kamati niseme yote, kosa ni langu, nilinyamaza mimi. Akakataa. "Walifurahi sana siku ile," alisema. "Hata mimi nilifurahi. Sasa wakijua, wataanza kuona haya upya, na wewe watakuita mwizi. Mimi na Mungu tutazungumza wenyewe. Nikishaondoka, uwaambie, ukirudishe." Nikamwambia mimi sina haraka ya kusema, na yeye asiwe na haraka ya kuondoka. Hakunisikiliza, ndiyo maana naandika haya.